Anna Tibaijuka, mchumi aliyeanzia hesabu zake kwenye kibanja

Jina la Profesa Anna Kajumulo Tibaijuka wa Tanzania hutajwa mara nyingi pamoja na vyeo vyake: mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi mjini Nairobi, waziri wa ardhi, mbunge wa Muleba Kusini. Vyeo hivyo vimeifunika kazi iliyovitangulia vyote, nayo ndiyo ambayo nchi kama yetu, inayotegemea kahawa na isiyo na bahari, ina sababu kubwa zaidi ya kuielewa. Kabla ya kuwa mwanadiplomasia alikuwa mchumi wa kilimo, na swali aliloanza nalo lilisikika kuwa dogo: katika nyumba ya mkulima wa kahawa, nani anafanya kazi gani, kwa muda gani, na nani anapokea fedha?

Alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Kagabiro, Muleba, kwa wazazi wakulima. Muleba imo katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mkoa unaogusa mipaka ya Uganda, Rwanda na Burundi. Msafiri anayevuka mpaka wetu wa Kobero kuelekea Dar es Salaam huingia kwanza Ngara, ambayo ni wilaya ya mkoa huo. Wahaya, walio wenyeji wengi wa Kagera, huliita kibanja shamba linaloizunguka nyumba. Migomba husimama juu, mibuni hukaa chini ya kivuli chake, maharagwe huota kati ya mashina, na rutuba hutunzwa kwa samadi na kwa nyasi zinazokatwa katika mbuga za nje ya kijiji. Mtu wa Ngozi au Kayanza akionyeshwa picha ya kibanja bila maelezo atadhani ni kwao, ingawa kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta na ya kwetu ni arabika.

Desturi za kazi nazo zinafanana. Mibuni ni ya mwanamume, na migomba kadhalika, hasa ile ya kutengenezea pombe ambayo Wahaya huiita rubisi na Warundi urwarwa. Mwanamke hulima maharagwe, mahindi na njugu mawe, huteka maji, huokota kuni, hupika, hulea watoto na huuguza wagonjwa. Kazi yake hufika hadi kwenye kahawa yenyewe, katika palizi na wakati wa kuchuma. Lakini siku buni inapopelekwa kwenye chama cha ushirika, anayepokea fedha ni mwenye mibuni.

Mashamba hayo ndiyo aliyoyachambua katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, mjini Uppsala. Sweden haikuwa mahali pageni kabisa kwa watu wa Bukoba. Wamisionari wa Kilutheri kutoka nchi hiyo walikwisha kufanya kazi huko kwa miaka mingi, na mmoja wao, mwalimu Barbro Johansson, alianzisha shule ya wasichana Kashasha na baadaye akaingia katika Bunge la Tanganyika. Jina la Mama Barbro litarudi mwishoni mwa habari hii, katika mazingira yasiyo mazuri sana.

Bei ikipanda, nani anaisikia?

Umuhimu wa tasnifu ile unaonekana zaidi ukiitazama pamoja na mambo yaliyofuata. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya marekebisho ya uchumi, na nchi nyingi za eneo letu, Burundi ikiwa miongoni mwao, ziliingia katika mipango ya namna hiyo katika mwaka huo au karibu na huo. Wazo kuu lilikuwa hili: serikali zimekuwa zikimlipa mkulima bei ndogo mno kwa mazao ya kuuza nje, thamani ya sarafu ikirekebishwa na soko likifunguliwa, bei ya shambani itapanda, mkulima atazalisha zaidi, na fedha za kigeni zitaongezeka.

Hoja hiyo ina mantiki yake, ila inadhani kwamba mkulima ni mtu mmoja, mwenye mkono wa kufanya kazi na mfuko wa kupokea malipo. Katika kibanja, mkono na mfuko vinaweza kuwa vya watu wawili. Bei ya kahawa ikipanda, mwanamume ana sababu ya kutaka kahawa nyingi zaidi. Mwanamke anayetakiwa kuongeza siku za palizi na za kuchuma hana sababu hiyo kwa kiasi kilekile, na hata angekuwa nayo, hana saa za kutosha, kwa kuwa maji na kuni haviwezi kungoja msimu uishe. Habari njema ya soko la dunia huweza kufika katika nyumba kama hiyo na kukuta hakuna mtu mwenye nafasi ya kuitikia.

Hapa kuna neno la mtafsiri. Katika chumba cha habari tunaandika "mkulima" mara nyingi kila siku, na Kiswahili hakituulizi kama ni mwanamume au mwanamke, tofauti na Kifaransa ambacho hutudai jibu katika kila sentensi. Ni uungwana mkubwa wa lugha yetu. Lakini neno lisilouliza huweza pia kuficha, na taarifa ya uchumi isemayo kwamba mkulima amelipwa inapaswa kusomwa polepole.

Mwaka 1994, akiwa tayari mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tibaijuka alichapisha katika jarida la kitaalamu la uchumi wa kilimo makala iliyoligeuza jambo hili kuwa tarakimu. Alitumia njia ya hesabu inayotafuta mgawanyo bora wa ardhi, nguvu kazi na fedha chini ya vizuizi vilivyopo. Katika hesabu ya namna hiyo desturi huingizwa kama kizuizi: kazi za kike hufanywa na wanawake tu, za kiume na wanaume tu. Kisha kizuizi hicho huondolewa, na mtu yeyote mwenye nafasi huruhusiwa kufanya kazi yoyote. Ardhi ni ileile, watu ni walewale, mvua ni ileile.

Jibu lilikuwa kwamba mapato ya fedha ya kaya yangeweza kupanda kwa hadi asilimia 10, tija ya nguvu kazi kwa asilimia 15, na tija ya mtaji, yaani kile kinachozaliwa na fedha iliyowekwa shambani, kwa asilimia 44. Ikumbukwe kwamba hayo ni matokeo ya kielelezo cha hesabu kwa mashamba ya mkoa mmoja. Hakuna aliyepima mavuno ya vijiji viwili na kulinganisha. Hata hivyo tarakimu hizo zimesafiri mbali. Zimenukuliwa katika ripoti za mashirika ya kimataifa kwa miaka mingi, mara nyingi bila jina la aliyezikokotoa, kama methali isiyo na mwenyewe.

Kwa wasomaji wa kawaida, fundisho la hesabu ile ni kwamba desturi ina bei. Kwa kawaida tunapozungumza juu ya kazi za wanawake tunazungumza juu ya haki, na anayepinga hujibu kwa kutaja heshima na mila. Mazungumzo hukwama hapo. Tibaijuka aliichukua mila hiyohiyo, bila kuitukana, akaonyesha inaligharimu shamba kiasi gani. Mwanamume wa Kihaya aliyekuwa akikataa kuteka maji aliambiwa, kwa lugha ya mapato, kwamba kukataa kwake kunapunguza kahawa yake mwenyewe.

Kagera ilikuwa pia miongoni mwa maeneo ya kwanza ya Tanzania kupigwa na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini humo waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983. Mwaka 1997 Tibaijuka alichapisha utafiti mwingine, safari hii katika Kagabiro, kijiji chake cha kuzaliwa, akieleza jinsi ugonjwa unavyoila kaya ya mkulima: nguvu kazi inayopotea kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza, akiba inayokwisha, siku zinazokwenda katika misiba. Ni mara chache mchumi huandika juu ya makaburi ya jirani zake kwa lugha ya jedwali, na inafaa kusemwa kwamba jedwali halikuifanya habari ile kuwa baridi.

Ardhi ya ukoo

Nyuma ya suala la kazi lilikuwapo suala la umiliki. Sheria za mila za Wahaya, zilizoandikwa rasmi mwaka 1963, zilimruhusu binti kurithi ardhi ya ukoo kwa kuitumia tu, bila haki ya kuiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, iliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na usawa uliomo katika katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba alilorithi sawa na mwanamume. Hukumu hiyo husomwa hadi leo na wanasheria wa nchi nyingi za Afrika. Vijijini mambo hayakubadilika kwa kasi ya karatasi.

Katikati ya miaka ya 1990 Tibaijuka alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chombo kilichoanzishwa kuwa jukwaa la wanawake wote wa nchi hiyo nje ya vyama vya siasa. Ardhi na urithi vilikuwa miongoni mwa madai yake makuu. Serikali ililituhumu baraza hilo kwamba linafanya kazi kama chama cha siasa, ikalisimamisha mwaka 1996 na kulifutia usajili mwaka 1997. Viongozi wake walikwenda Mahakama Kuu. Ushindi waliupata, lakini baada ya zaidi ya miaka kumi, wakati baraza lenyewe lilikuwa limekwisha kufa.

Madai yake hayakufa nalo. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizotamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila yoyote inayomnyima haki hiyo ni batili. Mabaraza ya ardhi ya vijiji, yenye wajumbe saba, yalitakiwa yawe na wanawake watatu. Wanaharakati wengi wa wakati ule walichangia, na si haki kumpa mtu mmoja sifa yote. Lakini msomaji wa Burundi, ambako urithi wa ardhi umebaki kwa miongo mingi mikononi mwa mila, anaweza kupima umbali uliopo kati ya Ngara na upande huu wa mpaka.

Geneva na mizigo isiyo na bandari

Mwaka 1998 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alimteua Tibaijuka kuwa mratibu maalumu wa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, nchi zisizo na bahari na nchi ndogo za visiwa. Ofisi yake ilikuwa Geneva, katika UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia biashara na maendeleo.

Cheo hicho kirefu kinatuhusu moja kwa moja. Orodha ya kwanza ya nchi zilizo nyuma zaidi iliidhinishwa mwaka 1971 ikiwa na majina 25. Burundi ilikuwamo, pamoja na Rwanda, Uganda na Tanzania. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliongezwa mwaka 1991. Kenya haijawahi kuwamo. Kuwa katika orodha hiyo si sifa, ila kunafungua milango fulani: misaada ya kiufundi, muda mrefu zaidi wa kutekeleza mikataba, na ruhusa ya kuuza bidhaa katika masoko ya nchi tajiri kwa ushuru mdogo au bila ushuru.

Wakati Tibaijuka anaingia Geneva, nchi hizo zilikuwa zimekwisha kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, Burundi ikiwa imeingia Julai 1995. Kujiunga na kushiriki ni mambo mawili. Mikutano ya shirika hilo hufanyika mingi kwa wiki moja, juu ya kilimo, hakimiliki, viwango vya afya ya mimea, huduma. Nchi kubwa huwa na wanasheria na wachumi kwa kila mada. Nchi nyingi maskini hazikuwa na ujumbe wa kudumu Geneva, au zilikuwa na watu wawili watatu waliogawana mikutano ya Umoja wa Mataifa yote iliyomo mjini humo. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuziimarisha nchi hizo katika majadiliano, ili zikae mezani zikijua kilichoandikwa. Mwishoni mwa mwaka 1999 mkutano wa mawaziri wa biashara mjini Seattle ulivunjika bila makubaliano. Wengi wanakumbuka maandamano ya barabarani. Wajumbe wa Afrika walilalamika zaidi juu ya vikao vya faragha ambavyo hawakuitwa.

Kuhusu nchi zisizo na bahari, Burundi haikuhitaji kueleza sana. Kutoka Bujumbura hadi bandari ya Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,500. Gunia la kahawa linalotoka hapa hulipa usafiri huo kabla halijashindana na la Kenya au la Tanzania, na lita ya mafuta inayokuja huku huulipa pia. Mwaka 1998, Tibaijuka alipoanza kazi, nchi yetu ilikuwa bado chini ya vikwazo vilivyowekwa na majirani Julai 1996 na kusimamishwa Januari 1999. Chochote mtu anachofikiri juu ya siasa za vikwazo vile, vilionyesha wazi maana ya kutokuwa na bandari: mlango wa nyumba yako uko katika ua wa mwingine. Wasikilizaji wetu wa Buyenzi na Bwiza waliokuwa wakifanya biashara wakati huo hawajazisahau bei zake.

Tiba zilizopendekezwa na UNCTAD kwa hali hiyo hazina mvuto wa magazeti. Ni mikataba ya njia za usafirishaji, hati moja ya forodha badala ya tano, vizuizi vichache barabarani, kompyuta zinazozungumza lugha moja katika vituo vya mpaka. Mfumo wa Sydonia unaotumiwa na forodha yetu ulibuniwa na chombo hichohicho. Mwaka 2006, baada ya Tibaijuka kuondoka Geneva, Burundi, Rwanda, Uganda, Kongo na Tanzania zilitia saini mkataba wa Ushoroba wa Kati, unaosimamia njia ya Dar es Salaam. Kazi ya aina hii hujengwa na watu wengi kwa miaka mingi, na anayeiweka misingi kwa kawaida hayupo siku ya kukata utepe.

Yeye hakuwapo pia Brussels, Mei 2001, katika mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya nchi zilizo nyuma zaidi, ambao maandalizi yake yalianza wakati wake. Miezi miwili kabla ya mkutano Umoja wa Ulaya ulikuwa umefungua soko lake, bila ushuru, kwa karibu bidhaa zote za nchi hizo isipokuwa silaha. Ilipokewa kwa shangwe, na ilistahili. Lakini kahawa mbichi ya Burundi ilikwisha kuingia Ulaya bila ushuru kabla ya hapo. Kilichozuia bidhaa zetu kilikuwa usafiri, viwango vya ubora, kanuni za kuthibitisha asili ya bidhaa, na uchache wa vitu vya kuuza. Mlango uliofunguliwa haumsaidii asiye na mzigo wala gari, na hapo mtu anarudishwa kwenye swali la kibanja: anayezalisha anapata nini, hata atake kuzalisha zaidi?

Nairobi na Harare

Septemba 2000 alihamia Nairobi kuongoza kituo cha makazi cha Umoja wa Mataifa, ambacho wakati huo kilikuwa kimepoteza imani ya wafadhili wengi. Mwaka 2002 kilipandishwa hadhi kuwa programu kamili, UN-Habitat, naye akachaguliwa na Baraza Kuu kuiongoza, Mwafrika mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya namna hiyo kwa kura za baraza hilo. Alichaguliwa tena mwaka 2006, na kwa kipindi fulani aliongoza pia ofisi nzima ya Umoja wa Mataifa mjini Nairobi.

Ingeonekana kwamba ameacha uchumi wa biashara. Kwa kweli alihamisha swali lake kutoka shambani hadi mjini. Ripoti ya UN-Habitat ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba karibu watu bilioni moja duniani wanaishi katika makazi duni. Watu hao hununua maji kwa madumu kwa bei kubwa kuliko wenye mabomba, hufanya biashara bila leseni, na hawana hati ya kuweka rehani. Kitabu chake cha mwaka 2009 kinatetea hoja kwamba nyumba si zawadi ya maendeleo inayokuja mwishoni, bali ni moja ya injini zake.

Mwaka 2004 shirika lake lilianzisha mpango wa maji na usafi wa mazingira kwa miji ya pili ya bonde la Ziwa Viktoria, katika Kenya, Uganda na Tanzania. Awamu iliyofuata, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilifika Rwanda na hapa kwetu, katika miji ya Ngozi, Muyinga na Kayanza. Ukikumbuka kwamba saa za kuteka maji zilikuwa miongoni mwa vizuizi vya shamba la kahawa, utaona kwamba bomba la Muyinga si jambo la afya peke yake.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2005. Mwezi Mei serikali ya Zimbabwe ilianza kubomoa nyumba za mabanda na vibanda vya biashara katika miji yake, katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina, neno la Kishona lenye maana ya kukataa uchafu. Annan alimtuma Tibaijuka kuwa mjumbe maalumu. Ripoti yake ya Julai mwaka huo ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili, na kwamba wengine milioni 2.4 waliathirika kwa viwango mbalimbali. Ilisema operesheni ilifanywa bila kubagua na bila kujali mateso ya watu, na ikataka waliohusika wawajibishwe. Serikali ya Harare iliikataa, ikidai ina upendeleo.

Haikuwa kazi nyepesi kwa Mtanzania. Nchi yake ilikuwa mshirika wa Zimbabwe tangu enzi za ukombozi, na kumkosoa Robert Mugabe mbele ya mataifa ya Magharibi kulihesabiwa na wengi kuwa usaliti. Ripoti ilikwenda katika njia nyembamba. Ililaumu operesheni waziwazi, lakini ikaonyesha pia kwamba sheria za mipango miji zilizotumika kuhalalisha ubomoaji zilirithiwa kutoka wakati wa ukoloni, zilipotungwa kuwaweka Waafrika nje ya miji. Tena ilimtazama mchuuzi kama mtu wa uchumi: aliyebomolewa kibanda alibomolewa mtaji, mahali pa kazi na wateja kwa siku moja.

Katika mwaka huohuo alikuwa mjumbe wa Kamisheni ya Afrika iliyoundwa na Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, ambayo ripoti yake ilidai misaada zaidi na masharti bora ya biashara kwa bara hili.

Dodoma

Alirudi nyumbani mwaka 2010, akachaguliwa mbunge wa Muleba Kusini na kuteuliwa na Rais Jakaya Kikwete kuwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Kwa mtu aliyepigania sheria ya ardhi akiwa nje ya serikali, ulikuwa mzunguko wa aina yake, naye alijijengea sifa ya ukali dhidi ya wavamizi wa viwanja.

Uwaziri uliisha vibaya. Mwaka 2014 Bunge la Tanzania lilijadili fedha zilizotolewa katika akaunti maalumu iliyohusu mkataba wa umeme wa Tegeta, sakata lililojulikana kama Escrow. Ilibainika kwamba mfanyabiashara aliyekuwa mmoja wa wabia wa kampuni ya umeme iliyohusika alimwingizia Tibaijuka shilingi za Tanzania bilioni 1.6. Yeye alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa shule ya wasichana aliyoiasisi jijini Dar es Salaam, yenye jina la Barbro Johansson, na akakana kufanya kosa. Desemba mwaka huo Rais alimwondoa katika baraza la mawaziri. Wapo Watanzania wanaoona kwamba aliadhibiwa kwa kosa la wengine. Wapo wanaosema kwamba waziri hapaswi kupokea fedha za namna ile hata kwa jambo jema. Anayeandika habari za maisha yake hana ruhusa ya kuruka ukurasa huo, na pia hana sababu ya kuufanya uwe kitabu kizima.

Wapiga kura wa Muleba Kusini walimrudisha bungeni mwaka 2015, akakaa hadi 2020. Katika jimbo hilo, kama katika Kagera yote, kahawa bado inavunwa chini ya migomba, na wakati wa msimu malori ya buni hupita barabara ileile inayopitiwa na mizigo yetu kutoka Kobero.